Maisha ya Daktari John Kirk, Mjuzi wa Mimea

Bismillahi. Amma baad: huenda msomaji akastaajabu kuona katika vijitabu vyetu khabari za mtu asiyekuwa wa mila yetu. Lakini haki haina kabila, na aliyetenda jema hutajwa kwa jema lake, na penye dosari hapafichwi.

John Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832, akasoma utabibu Edinburgh, na moyo wake tangu ujana ulikuwa katika elimu ya mimea. Mwaka 1858 alifuatana na Livingstone kwenda mto Zambezi, akiwa tabibu na mkusanyaji wa mimea, na mwaka 1859 walifika Ziwa Nyasa. Ziwa hilo si mbali na sisi tulioko huku Iyula katika nchi ya Unyiha, na misafara iliyopita kati ya Nyasa na Tanganyika ilichukua pembe na watu pamoja. Huko Kirk aliona vijiji vilivyohamwa, na wanadamu waliotiwa kongwa shingoni wakipelekwa pwani.

Mwaka 1866 akaja Unguja kuwa tabibu wa ubalozi wa Waingereza, na baadaye akawa balozi mwenyewe. Hakuacha mimea. Alibainisha kwamba sandarusi ichimbwayo ardhini, mahali pasipo na mti hata mmoja, asili yake ni mti ule ule wa msandarusi uliosimama hai mahali pengine pwani. Akaujua pia mtambazi wa mwituni utoao utomvu wa mpira, akawahimiza watu kuufanyia biashara, ili nchi ipate mali isiyokuwa shingo za watu. Huko Mbweni alifanya bustani ya kujaribu miti ya nchi za mbali. Hapana budi kusema kwamba mpira nao ulibebwa kwa mabega ya wapagazi. Biashara njema haikuwa nyepesi kwa kila mtu.

Jambo kubwa lilikuwa mwaka 1873. Tufani ya 1872 ilikuwa imekwisha angusha mikarafuu ya Unguja, na Sayyid Barghash bin Said aliona kuzuia watumwa wakati ule ni kuangamiza mashamba. Sir Bartle Frere alikuja na mkataba akarudi mikono mitupu. Kisha Kirk akapokea amri ya serikali yake: Sayyid akikataa, manowari zitafunga bandari. Tarehe 5 Juni Sayyid akatia sahihi, na soko la watumwa likafungwa. Misafara ya barani ikaendelea kwa siri na dhahiri hata Sayyid alipoipiga marufuku mwaka 1876.

Wako wasemao Kirk alitumikia dola yake tu. Ni kweli aliitumikia, na kutisha kwa manowari si uungwana. Lakini aliyesoma mlango wa itqi katika Minhaji anajua kwamba kumwacha mja huru ni kafara na ni thawabu. Wala sharia haikuhalalisha kumnyang'anya mtu huru kijijini kwake na kumwuza. Jambo hili wazee wetu walikuwa nalo vitabuni, na soko likawa wazi mlangoni. Mimi naona aibu hiyo ni yetu, si ya Kirk.

Aliondoka Unguja mwaka 1886. Akafa Uingereza tarehe 15 Januari 1922, na mwaka huo huo sheria ikaondoa utumwa Tanganyika. Ule mtambazi wa mpira wataalamu wauita kwa jina lake, Landolphia kirkii.