JOSEPH WHITWORTH: FUNDI ALIYEUPA MTUTU MSOKOTO WAKE

Leo nataka tumwongelee mzee mmoja wa Uingereza ambaye mafundi wa gereji wamelishika jina lake mkononi bila kumjua: Sir Joseph Whitworth. Ukikuta spana kuukuu ya Kiingereza imechongwa herufi W pembeni ya saizi, basi hiyo W ni yeye.

Alizaliwa Stockport tarehe 21 Desemba 1803. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Alipofika miaka 14 akapelekwa kwenye kiwanda cha pamba cha ndugu yao, kule Derbyshire, akajifunze biashara. Dogo biashara haikumwingia kabisa, yeye macho yote kwenye mashine! Akatoroka zake Manchester kupiga kazi ya ufundi. Mwaka 1825 akaenda London kwenye karakana ya Henry Maudslay, na 1833 akarudi Manchester kufungua ya kwake.

Zama hizo kila karakana ilichonga nati na bolti kwa kipimo chake. Nati ya kwa fulani haiingii kwenye bolti ya kwa jirani. Mwaka 1841 Whitworth akapendekeza kipimo kimoja: pembe ya meno digrii 55, na idadi maalumu ya meno kwa kila saizi. Uingereza nzima ikafuata. Baadaye akaunda mashine ya kupima mpaka sehemu moja ya milioni ya inchi. Si mchezo.

Sasa tuje kwenye bunduki, maana hapa ndipo patamu. Mwaka 1854, wakati wa Vita vya Crimea, serikali ilimtaka aunde mashine za kutengenezea bunduki za Enfield, zile za kujazia baruti na risasi mdomoni kama magobore yetu. Tofauti ni kwamba gobore la kawaida ndani ni laini, wakati Enfield ilikuwa na mifereji iliyosokotwa ndani ya mtutu ili risasi itoke ikizunguka. Whitworth akagoma kuanza. Alitaka kwanza ajue kwa nini bunduki moja inapiga shabaha na nyingine inakosa. Serikali ikagharamia banda la kulengea la yadi 500 nyumbani kwake Rusholme.

Siri aliikuta kwenye msokoto. Mifereji ya Enfield ilimaliza mzunguko mmoja kwa inchi 78, na mtutu wenyewe ulikuwa inchi 39. Kwa hiyo risasi inatoka imezunguka nusu tu! Fikiria pia ya watoto: ukiizungusha polepole inayumba na kuanguka, ukiipa kasi inasimama wima. Risasi ndefu ndiyo inahitaji kasi zaidi. Whitworth akabaki na uzito uleule wa risasi, akapunguza upana kutoka inchi 0.577 hadi 0.45, kwa hiyo risasi ikawa ndefu. Halafu akausokota mtutu mzunguko mmoja kwa kila inchi 20, tundu likiwa na pande sita, na risasi nayo ikachongwa pande sita.

Mwaka 1857 zikashindanishwa huko Hythe. Kwa yadi 500, risasi za Enfield zilitawanyika kwa wastani wa futi 2.24. Za Whitworth? Futi 0.37. Kwa yadi 1,400 Enfield haikugusa hata shabaha.

Na bado jeshi likamkatalia. Sababu: tundu dogo, masizi ya baruti yanaliziba haraka, na bei iko juu mno. Mimi naona hoja ya masizi ilikuwa na uzito, maana askari vitani hana muda wa kusugua mtutu. Lakini kipimo hakikudanganya. Martini-Henry iliyopokelewa na jeshi hilohilo mwaka 1871 ilikuwa na tundu la inchi 0.45 na msokoto wa inchi 22. Mmeona wenyewe!

Upande wa pili tusiufiche. Bunduki zake chache zilivuka bahari hadi kwa walenga shabaha wa majimbo ya Kusini, waliokuwa wakipigania utumwa Marekani. Inaaminika mojawapo ndiyo iliyomuua Jenerali John Sedgwick kule Spotsylvania tarehe 9 Mei 1864. Usahihi wa fundi hauchagui nani atashika kifyatulio.

Mzee mwenyewe, mwaka 1868, alianzisha ufadhili wa pauni 3,000 kwa mwaka kusomesha vijana ufundi, na ufadhili wenye jina lake upo mpaka leo. Alifariki Monte Carlo tarehe 22 Januari 1887, bila mtoto, na mali yake ikaenda kwenye elimu, sanaa na hospitali za Manchester.

Swali langu kwenu: fundi anabeba lawama kwa kazi ya mikono yake, au lawama ni ya mtumiaji? Mwageni maoni hapo chini, ila matusi hapana.