Malcolm Loughead: Fundi aliyeacha ndege akaenda kuhangaika na breki

Ukibana breki ya mbele ya pikipiki yenye diski, vidole vyako havivuti waya wowote. Vinasukuma mafuta. Mafuta yanapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye kalipa kule chini kwenye gurudumu, pedi zinaikaba diski, na chombo kinasimama.

Mpira huo ukichoka, unavimba kila unapobana. Sehemu ya nguvu yako inaishia kuutanua mpira badala ya kuikaba diski, na mkono wa breki unakuwa laini kama sponji. Ndiyo maana waendeshaji wengi wa pikipiki za mbio huung'oa na kufunga ule uliovikwa nyuzi za chuma zilizosukwa.

Wazo la kupitisha nguvu ya breki kwenye mafuta lilifikishwa kwenye magari ya kawaida na Mmarekani aitwaye Malcolm Loughead. Hakuwa wa kwanza kuliwaza, ila ndiye aliyeling'ang'ania mpaka likaingia barabarani. Jina la ukoo wake unalijua, tena vizuri tu, ingawa kwa sababu nyingine kabisa: Lockheed, wale wa ndege.

Alizaliwa 1886 jimboni California. Mama yake, Flora, alikuwa mwandishi wa vitabu na magazeti. Malcolm na mdogo wake Allan hawakupita chuo chochote cha uhandisi. Ufundi waliupata gereji, mikono ikiwa na grisi. Malcolm alianza kazi ya umakanika San Francisco mwaka 1904, kwenye kampuni ya magari ya mvuke.

Kisha wakapandwa na wazimu wa ndege. Juni 15, 1913, ndege yao ya kwanza, iliyoundwa kutua na kuruka majini, ilipaa juu ya Ghuba ya San Francisco. Allan alikuwa rubani. Kwenye mruko uliofuata siku hiyo hiyo, Malcolm akapanda kama abiria. Miaka miwili baadaye, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa mjini humo, walibeba mamia ya watu kwa dola 10 kwa kichwa. Kwa wakati huo hiyo si hela ya kubahatisha, na watu walilipa.

Mwaka 1916 ndugu hao wakafungua kiwanda cha ndege Santa Barbara. Hapo ndipo mambo yalipogawanyika. Allan aliwaza mabawa. Malcolm, kumbe, kichwa chake kilikuwa kwenye kusimama.

Na alikuwa na sababu. Magari ya wakati ule yalisimamishwa kwa vyuma na waya. Mengi yalikuwa na breki kwenye magurudumu ya nyuma tu. Ukitaka kuongeza za mbele kwa mtindo ule, lazima kila waya uvute sawasawa na wenzake, kwenye magurudumu yanayokata kona na kuruka mashimo. Waya mmoja ukilegea, upande mmoja unakaba kabla ya mwingine na gari linavuta pembeni. Kuna watu walioziogopa breki za mbele kuliko kukosa breki.

Mafuta hayana shida hiyo. Kwenye mfumo uliofungwa, ukiyasukuma upande mmoja, presha inafika kila pembe kwa kiwango kilekile. Malcolm alipata hataza ya breki zake mwaka 1917. Mwaka 1919 akaachana na kiwanda cha ndege na kwenda Detroit, jiji la magari, akaanzisha kampuni ya breki. Kwa kuwa watu walikuwa wakilikosea jina Loughead kila wanapolisoma, kampuni akaiandika kama linavyotamkwa: Lockheed. Yaani jina hilo lilikuwa kwenye breki kabla halijaandikwa hivyo kwenye ndege. Allan alilitumia baadaye, mwaka 1926, alipoanzisha kampuni mpya ya ndege baada ya ile ya Santa Barbara kufa.

Duesenberg, gari la matajiri, lilitoka na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne mwaka 1921. Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumpigia makofi. Ukweli ni kwamba breki zake zilikuwa zinavuja.

Vizibo vya ndani ya silinda vilikuwa vya ngozi. Ngozi inakauka, inanyauka, na mafuta yanatafuta njia. Breki ya mafuta isiyo na mafuta si breki, na dereva hugundua hilo mahali pabaya. Wahandisi waliokuwa wakiunda gari la kwanza la Chrysler waliupenda mfumo wa Malcolm lakini hawakuiamini ile ngozi. Wakaibadilisha na vizibo vya mpira. Gari hilo lilipotoka mwaka 1924 likiwa na breki za mafuta magurudumu yote manne, kwa bei ya mtu wa kipato cha kati, mchezo ulibadilika. Ni haki kusema bila Chrysler, Malcolm angebaki mtu mwenye wazo zuri linalolowesha sakafu. Ford yeye alikaa na breki zake za vyuma mpaka magari ya 1939.

Malcolm aliiuza kampuni kwa Bendix mwaka 1932. Alifariki Agosti 1958 huko Mokelumne Hill, mji mdogo wa California uliozaliwa enzi za kukimbilia dhahabu.

Pikipiki zilichelewa. Honda CB750 ya 1969 ndiyo iliyoifanya breki ya mbele ya diski na mafuta kuwa kitu cha kawaida kwenye pikipiki za viwandani. Mwaka 1972 Norton Commando ya Uingereza ikaja na diski ya mbele yenye jina la Lockheed. Bodaboda nyingi za Afrika Mashariki bado zina ngoma na waya mbele, kwa hiyo hadithi ya mpira haizihusu.

Kwa wenye diski, mpira uliosukwa chuma huwa na bomba la Tefloni ndani, na nyuzi za nje zinalizuia lisitanuke. Nguvu ya breki haiongezeki. Inaacha tu kupotea njiani, na mkono wa breki unakuwa mgumu na wa kuaminika. Fundi anayejua kazi hufunga na washa mpya za shaba, anaweka mafuta mapya ya breki na kutoa hewa mpaka vipovu viishe. Kisha anabana mkono wa breki kwa nguvu, anaushikilia, na kuinama kuangalia maungio kama yanavuja.