Du Bois, mwanahistoria aliyefichua magendo ya watu Marekani

Mfanyabiashara wa mpakani anajua kuwa bidhaa ikipigwa marufuku lakini wanunuzi wakabaki, itapita tu, tena kwa bei ya juu zaidi. Mwaka 1896 kijana mmoja mweusi wa Marekani alichapisha kitabu kizima kuthibitisha jambo hilo. Bidhaa aliyoichunguza ilikuwa watu.

Huyo ni William Edward Burghardt Du Bois. Alizaliwa Februari 23, 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, miaka miwili na ushei baada ya utumwa kufutwa nchini humo. Baba aliondoka mtoto akiwa bado mchanga. Mama alimlea kwa shida na akafariki mwanawe alipokuwa amemaliza tu shule ya sekondari. Makanisa ya mji huo yalimchangia karo akaenda kusoma Fisk, chuo cha watu weusi mjini Nashville. Huko Kusini ndiko alikoishi kwa mara ya kwanza na watu waliotoka utumwani, na wakati wa likizo alifundisha watoto wao vijijini.

Baadaye alisoma Harvard na Berlin. Mwaka 1895 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya Harvard. Tasnifu yake ndiyo iliyokuwa kitabu kile cha 1896.

Alianza na Katiba ya Marekani. Waliiandika mwaka 1787 wakikataza Kongresi kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808. Katikati ya hapo, serikali iliruhusiwa kutoza ushuru usiozidi dola 10 kwa kila mtu aliyeingizwa. Binadamu akawekwa kwenye orodha ya forodha kama gunia.

Marufuku ilianza Januari 1, 1808. Du Bois alipekua sheria, ripoti za jeshi la majini na kumbukumbu za Kongresi, akaona kwamba kwa miaka mingi sheria hiyo haikuwa na meno. Doria baharini ilikuwa haba. Idara moja ilisukumia nyingine kazi. Hata meli ikikamatwa, Waafrika waliokuwemo hawakuachwa huru. Hatima yao iliachiwa majimbo, na majimbo ya Kusini yaliweza kuwapiga mnada. Mwaka 1820 biashara hiyo ilifanywa kosa la kunyongwa, lakini nahodha pekee aliyewahi kunyongwa, Nathaniel Gordon, alinyongwa mwaka 1862.

Sababu ilikuwa faida. Mashine ya kuchambua pamba, iliyobuniwa 1793, ilifanya mashamba yahitaji mikono zaidi na bei ya mtumwa ikapanda. Kwa Du Bois, kosa kubwa la waasisi wa Marekani lilikuwa kuuvumilia uovu ulipokuwa bado mdogo, wakitumaini utakufa wenyewe. Wanahistoria waliomfuata wamepunguza makadirio yake ya watu walioingizwa kimagendo, lakini kitabu hicho bado kinasomwa.

Mwaka 1935 alitoa kitabu kikubwa zaidi, Black Reconstruction in America. Wakati huo wasomi wengi wazungu waliandika kwamba watu weusi walipewa uhuru bila kuupigania, kisha wakashindwa kuutumia. Du Bois alipinga. Alionyesha kuwa maelfu kwa maelfu waliacha mashamba ya mabwana zao vita vilipoanza, kama mgomo wa wafanyakazi, na karibu 200,000 wakatumikia jeshi la Kaskazini. Jarida kuu la wanahistoria wa Marekani halikukihakiki kitabu hicho kilipotoka. Leo wanafunzi wa historia ya kipindi hicho hawawezi kukiruka.

Hakubaki maktabani. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha haki za weusi, NAACP, na akahariri gazeti lake tangu 1910 hadi 1934. Aliandaa mikutano ya umoja wa Waafrika, na ule wa Manchester wa 1945 alikutana na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta.

Serikali yake ilimwona hatari. Mwaka 1951, akiwa na miaka 82, alishtakiwa kuwa wakala wa nchi ya kigeni, na mahakama ikamwachia. Hata hivyo alinyimwa pasipoti kwa miaka kadhaa. Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957, alialikwa lakini hakuweza kwenda.

Mwaka 1961 Nkrumah alimwita Accra aongoze kazi ya kuandika ensaiklopidia ya Afrika. Alihamia huko akiwa na miaka 93. Marekani ilipokataa kumwongezea muda wa pasipoti, alichukua uraia wa Ghana.

Alifariki Agosti 27, 1963, kazi hiyo ikiwa haijakamilika. Kesho yake, umati mkubwa uliokusanyika Washington kudai haki za weusi ulitangaziwa kifo chake. Amezikwa Accra, na nyumba aliyoishi sasa ni kituo cha kumbukumbu yake.