Mtume Paulo, Mshona Mahema



Kwetu si ajabu kumkuta mchungaji siku ya Jumatatu akipalilia viazi, au amesimama dukani pale Makambako. Minong'ono nayo haikosi: huyu ni mchungaji au mfanyabiashara? Mwaka huu tumeona tumkumbuke mtu aliyeishi hivyo karibu miaka 2,000 iliyopita.

Paulo alizaliwa Tarso, mji ulio Uturuki ya leo, akasoma sheria ya Kiyahudi Yerusalemu kwa Gamalieli. Pamoja na elimu hiyo alikuwa na ufundi wa kushona mahema. Alipofika Korintho, mji wa biashara, kwenye mwaka wa 50 hivi, alikaa kwa Akila na mkewe Priskila, waliofukuzwa Roma, nao mafundi wa kazi ile ile. Wakashona pamoja, na kila Sabato akaenda kuhubiri katika sinagogi. Pungufu lake lilijazwa na ndugu wa Makedonia. Alikaa huko mwaka mmoja na nusu.

Hakupinga mhubiri kulipwa. Aliwaandikia Wakorintho wenyewe kwamba ni haki yake. Ila kwao hakuidai, asiwe mzigo. Hata hilo likaleta maneno, ikambidi ajieleze kwa barua. Ukilipwa unasemwa, usipolipwa unasemwa!

Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tunampendea jambo jingine. Alichangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Aliagiza kila mtu aweke akiba kila juma kwa kadiri ya kipato chake, michango isingoje mpaka afike. Wala hakutaka kuibeba peke yake: makanisa yalichagua watu wa kufuatana nayo, asipatikane wa kumlaumu. (Kamati yetu ya harambee isome hapo mara mbili.) Katika safari hiyo wenzake saba wametajwa kwa majina: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, na Tikiko na Trofimo wa Asia.

Yerusalemu alikamatwa. Baadaye alipelekwa Roma akiwa mfungwa, akakaa miaka miwili akilindwa na askari, katika nyumba ya kupanga ambayo kodi yake alilipa mwenyewe.