Paul Nash (1889–1946): Mchoraji wa Vita

Paul Nash alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1889. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alipenda kuchora miti na mandhari ya mashambani. Vita vilipoanza mwaka 1914 alijiunga na jeshi, na mapema mwaka 1917 alipelekwa Ypres, Ubelgiji. Mwezi Mei alitumbukia ndani ya handaki, akavunjika ubavu na kurudishwa nyumbani kutibiwa. Siku chache baadaye, wenzake wengi waliuawa katika shambulio. Ajali ile ilimwokoa.

Novemba 1917 alirudi Ypres akiwa mchoraji rasmi wa vita. Mwaka 1919 alikamilisha mchoro wa rangi za mafuta uitwao Barabara ya Menin, wenye upana unaozidi mita 3.

Utazame mchoro huo kwa makini. Utaona mashimo ya mizinga yaliyojaa maji, miti isiyo na matawi wala majani, na barabara iliyofutika kabisa. Askari ni wachache na wadogo, wakitafuta njia katikati ya uharibifu huo. Nash hakuwachora wakishangilia ushindi. Alionyesha kwamba vita viliua watu, vikaua na ardhi yenyewe.

Zingatia: Ukiulizwa kuhusu maudhui ya mchoro huu, usiishie kutaja kwamba una askari. Eleza kwa nini mchoraji amewafanya wadogo, na ardhi inayowazunguka inatuambia nini kuhusu vita.