Jimmy Peters: Mtoto wa sarakasi aliyekuwa mweusi wa kwanza kuchezea Uingereza raga

Kama unafuatilia raga ya Uingereza, basi Bristol Bears unawajua. Ni klabu ya kulipwa, nyumbani kwao ni uwanja wa Ashton Gate, na kikosi chao kina wachezaji wa kila rangi. Siku hizi hakuna anayeshangaa.

Lakini klabu hii ni kongwe, ilianza 1888, na kuna kijana aliyewahi kuvaa jezi yake ambaye kule kuitwa kikosini tu kulizua balaa. Anaitwa James Peters, maarufu kama Jimmy. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kuchezea timu ya taifa ya raga ya Uingereza. Hebu tulia kidogo uisome hadithi yake.

Peters alizaliwa Agosti 1879 mjini Salford, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, George, alikuwa na asili ya Jamaica, na mama yake, Hannah, alikuwa Mwingereza mweupe. Kazi ya baba ilikuwa kufunza simba kwenye sarakasi. Simba wakamrarua, akafariki.

Mama hakuwa na uwezo, kwa hivyo kijana akaingizwa kwenye msafara mwingine wa sarakasi. Kazi yake huko? Kupanda farasi bila tandiko mbele ya watazamaji. Siku alipovunjika mkono, msafara haukuwa na haja naye tena. Wakamtelekeza akiwa na umri wa miaka kama 11 hivi.

Alilelewa katika makao ya mayatima jijini London, kwanza Southwark, halafu Greenwich. Huko Greenwich ndiko kipaji kilijitokeza. Mbio alikuwa mkali, kuruka vilevile, na wenzake walicheza chini yake akiwa nahodha. Pia makao hayo yalimpa ujuzi wa mikono wa kujitegemea akitoka.

Ujuzi huo ndio uliompeleka Bristol mwishoni mwa miaka ya 1890, kufanya kazi ya uchapishaji. Alianzia timu ndogo ya Knowle, na kufikia 1900 Bristol yenyewe ikamwita. Usidhani wote walifurahi. Mwanakamati mmoja wa klabu alijiuzulu kwa hasira kwa sababu mtu mweusi amepewa nafasi. Peters hakubishana na mtu. Alicheza hadi 1902, kisha akahamia Plymouth, kusini magharibi, akawa seremala mchana na mwanaraga wikendi.

Kumbuka wakati huo raga ya chama hicho ilikuwa ya ridhaa. Hakuna mshahara, hakuna marupurupu. Ukipatikana umepokea pesa, umekwisha.

Peters alicheza nafasi ya ubongo wa timu, yule jamaa anayepokea mpira kutoka kwa skramu na kuamua uende wapi. Mwaka 1906 aliisaidia Devon kutwaa ubingwa wa kaunti, na sasa wateuzi wa taifa hawakuwa na pa kujificha. Machi 17, 1906 alivaa jezi nyeupe ya Uingereza dhidi ya Scotland, na Uingereza ikashinda 9-3. Siku tano baadaye walikuwa Paris, wakaibomoa Ufaransa 35-8, na yeye akafunga trai.

Ungedhani mlango umefunguka. Ngoja.

Oktoba mwaka huohuo, Afrika Kusini ilizuru Uingereza na ikapangiwa kucheza na Devon. Wageni walipogundua kwamba kuna mtu mweusi upande wa pili, waligoma kuingia uwanjani. Mashabiki walikuwa wamejaa, wakisubiri. Ikabidi afisa wa serikali aingilie kuwabembeleza ndipo mechi ichezwe. Peters alikuwepo uwanjani mpaka mwisho.

Desemba 8 Uingereza yenyewe ikakutana na hao Waafrika Kusini huko Crystal Palace. Jina la Peters halikuwemo kikosini. Mechi iliisha sare ya 3-3. Fikiria hapo: mwezi Machi anafaa, Desemba hafai, halafu 1907, wageni wakiwa wamerudi kwao, anaitwa tena. Miguu yake ilikuwa ileile. Wanahistoria wengi wa raga wanaona sababu ilikuwa rangi yake tu.

Mechi yake ya tano na ya mwisho kwa taifa ilikuwa dhidi ya Wales, Januari 1908, siku ya ukungu mzito kiasi kwamba mashabiki hawakuona mengi. Ilichezwa wapi? Ashton Gate, Bristol. Ndiyo, uwanja huohuo ambao leo ni nyumbani kwa Bears.

Mwaka 1910 alipata ajali kazini Plymouth, akapoteza vidole vitatu. Wengi walidhani amemalizana na raga. Wapi! Alirudi uwanjani na kuendelea kuudaka mpira kwa vidole vilivyobaki.

Kilichomwondoa si vidole. Chama cha raga kilianza kuwaandama wachezaji wa Devon kwa madai ya malipo, na Peters akawa miongoni mwa waliosimamishwa. Akaamua liwalo na liwe, akaenda kaskazini kwenye raga ya ligi, ile iliyoruhusu malipo. Alicheza Barrow, halafu St Helens, akastaafu 1914 akiwa na miaka 34. Kisha akarudi Plymouth kwenye useremala wake, na huko alifariki Machi 1954.

Sasa shika hesabu hii. Baada ya ile mechi ya 1908, Uingereza haikuchezesha mwanaraga mweusi mwingine hadi 1988, alipoitwa winga Chris Oti. Miaka 80! Si kwamba vipaji vilikauka.

Na raga hiyo iliyomwadhibu Peters kwa sababu ya pesa ilihalalisha malipo mwaka 1995. Wanaocheza Ashton Gate leo ndiyo kazi yao, na hakuna mwanakamati anayejiuzulu kwa rangi ya mtu. Ukiwatazama wikendi hii, mkumbuke seremala aliyepita hapo kwenye ukungu.