Margaret Wade: Alizuiwa kucheza, akarudi kuwa kocha bingwa

MWAKA 1932, wachezaji wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Ualimu cha Delta State, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, walizichoma moto jezi zao. Uongozi wa chuo ulikuwa umeivunja timu hiyo kwa madai kwamba mchezo huo ni mzito mno kwa wanawake. Miongoni mwa waliotoa malalamiko yao kwa moto huo alikuwamo nahodha wa timu, Margaret Wade, aliyebakiza mwaka mmoja tu kuhitimu.

Wade alizaliwa Desemba 30, 1912, McCool, jimboni humo. Baada ya masomo aliichezea Tupelo Red Wings kwa miaka miwili, hadi jeraha la goti lilipomtoa uwanjani. Ndipo akageukia kufundisha timu za wasichana wa sekondari. Katika mji wa Cleveland, Mississippi, kilipo chuo chake cha zamani, timu yake ilishinda michezo 453 na kupoteza 89 katika kipindi cha takriban miaka 20.

Mwaka 1959 alirejea Delta State kufundisha elimu ya viungo. Timu ya wanawake bado haikuwapo. Msichana aliyewika sekondari alipofika chuoni hapo, kipaji chake kilikosa uwanja.

Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kuu. Mwaka uliofuata, ikiwa imepita miaka 41 tangu timu ivunjwe, chuo kiliifufua na kumkabidhi Wade. Alikuwa na umri wa miaka 60, wakati ambao wengi hufikiria kustaafu.

Katika msimu wa kwanza timu hiyo ilishinda michezo 16 na kupoteza miwili. Msimu wa pili ilishinda yote 28, na katika fainali ya ubingwa wa vyuo ya mwaka 1975 ikaifunga Immaculata ya Pennsylvania, iliyokuwa bingwa kwa miaka mitatu mfululizo, kwa pointi 90-81. Ilitwaa tena ubingwa mwaka 1976 na 1977, na kuna kipindi ilishinda michezo 51 bila kufungwa.

Nguzo ya timu hiyo alikuwa Lusia Harris, binti mweusi wa Mississippi, jimbo ambalo miaka michache tu nyuma lilikuwa likiwatenga weusi kwa nguvu ya sheria. Katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, mpira wa kikapu wa wanawake ulipochezwa kwa mara ya kwanza katika michezo hiyo, ni Harris aliyefunga kikapu cha kwanza.

Wade alistaafu mwaka 1979, akiwa ameiongoza Delta State kushinda michezo 157 na kupoteza 23. Tuzo ya mchezaji bora wa kike wa vyuo, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilipewa jina lake. Mwaka 1985 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Mpira wa Kikapu la Naismith. Alifariki dunia Februari 16, 1995, akiwa na umri wa miaka 82.

Msimu wake wa mwisho wa uchezaji hakurudishiwa kamwe. Alichopewa uzeeni ni nafasi ya kuwapa wasichana wa chuo kilekile misimu ambayo kizazi chake kilinyimwa, naye aliitumia barabara.